Reli ya Mtwara na Injini Isiyofika

Mkusanyaji wa mifano midogo ya magarimoshi huanza na kipimo. Kwa kipimo cha 1:87, kinachotumiwa sana duniani, reli ya upana wa mita moja kama ile ya Tanganyika huwekewa njia ya milimita 12. Injini ya daraja la 59 ya Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, ambayo urefu wake ulikaribia mita 32, ikipunguzwa hivyo hubaki sentimita 36 tu. Boila limelala katikati, limebebwa kati ya seti mbili za magurudumu, moja mbele chini ya tangi la maji na nyingine nyuma, ili dude zima liweze kujipinda kwenye kona. Kiwanda cha Beyer Peacock cha Manchester kilitengeneza 34 za namna hiyo mwaka 1955 na 1956, na hakuna injini ya mvuke iliyozizidi kwa ukubwa katika reli za upana wa mita moja. Zilipewa majina ya milima. Gelai na Shengena, iliyo milima ya Tanzania, ziko hadi leo katika jumba la makumbusho ya reli Nairobi.

Miaka hiyohiyo Mtwara nayo ilikuwa na reli, ya upana uleule na chini ya shirika lilelile, lakini majitu hayo hayakufika kusini. Ili kuelewa kwa nini, inafaa tuanze na jiografia.

Pwani hii ilikosa njia rahisi ya kwenda bara. Mto Ruvuma ni mkubwa kwenye ramani, lakini mchanga huujaza na maji hupungua upesi. David Livingstone alijaribu kuupanda kwa meli Pioneer mwaka 1861, akalazimika kurudi. Mikindani, bandari ya kale ya majahazi, ilikuwa na maji machache mno kwa meli kubwa. Ghuba ya Mtwara iliyo jirani ilikuwa na kina cha kutosha, ila hapakuwa na shehena ya kuzivuta meli.

Shehena ilibuniwa London. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilipungukiwa mafuta ya kula, na mwaka 1946 Frank Samuel, mkuu wa kampuni ya United Africa, alipendekeza karanga zilimwe Afrika Mashariki kwa matrekta. Ujumbe ulioongozwa na John Wakefield ulichora mashamba 107, kila moja ekari 30,000. Kati ya hayo, 55 yangekuwa katika Jimbo la Kusini. Kwa maneno mengine, zaidi ya nusu ya mpango mzima iliwekwa mahali pasipo na reli wala gati.

Kwa sababu hiyo kazi ilianzia Kongwa, palipokuwa karibu na Reli ya Kati, huku kusini kukisubiri njia. Reli ya kusini iliwekwa kwanza kutoka Mkwaya, kwenye hori la Lindi, ikafika Nachingwea mwaka 1949. Lakini wakati huo Kongwa ilikuwa imekwisha toa jibu lake: mvua haikutosha, na udongo uligeuka mgumu kama saruji baada ya masika. Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuuvunja mpango huo, ambao ulikuwa umemeza zaidi ya pauni milioni 36.

Ajabu ni kwamba gati la Mtwara na reli yake vilikamilika baadaye, mwaka 1954. Wako wanaosema ulikuwa ukaidi wa watu wasiotaka kukubali hasara. Wengine hutetea kwamba fedha nyingi zilikuwa zimekwisha zama, na kwamba mkonge, korosho na mbao vingeweza kuchukua nafasi ya karanga. Naona hoja ya pili ina uzito zaidi, kwa sababu mwishoni mwa miaka ya 1950 tawi lilisogezwa hata kuelekea Masasi. Mkaidi wa kawaida hajengi tena baada ya miaka mingi namna hiyo. Lakini matumaini si tani za mzigo.

Hapa ndipo penye jibu la swali letu. Injini za daraja la 59 zilihitaji reli nzito, kwani kila ekseli iliikandamiza njia kwa tani 21 hivi, nazo zilinunuliwa ili kuondoa msongamano wa mizigo kati ya Mombasa na Nairobi. Kusini hakukuwa na msongamano wowote. Tena reli yake haikuunganishwa na Reli ya Kati, kwa hiyo injini yoyote ilibidi iletwe kwa meli.

Mwaka 1962 reli ikafungwa, kisha ikang'olewa. Mzee anayekumbuka karanga atalaumu karanga. Mwenye lori atasema lori lilishinda. Yote mawili yana ukweli, lakini lori lilishindana na reli ambayo tayari ilikuwa na njaa. Korosho zilipoongezeka, zilifika bandarini kwa barabara, na gati lile la 1954 likazipokea. Kati ya vyote vilivyojengwa kwa jina la karanga, bandari ndiyo iliyoupa mji wa Mtwara sababu ya kukua.

Kwa miaka kadhaa sasa serikali imekuwa na mpango wa reli nyingine, kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay kwenye Ziwa Nyasa, kilomita 1,000 hivi, pamoja na matawi ya Mchuchuma na Liganga. Upana wake ni milimita 1,435, na mzigo unaotajwa safari hii ni makaa ya mawe na chuma.