Nani atatengeneza paa? Historia ya nyumba za Gécamines Kolwezi

Kolwezi haina maghorofa ya serikali kama yale ya Michenzani kule Zanzibar. Nyumba za umma hapa ni zile za chini zilizojengwa na kampuni ya migodi. Lakini swali ni lile lile: nyumba ya wengi, nani anagharamia kuitunza?

Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Mwanzoni watu walikuja kazini kwa muda mfupi, kisha wakarudi vijijini kwao. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1920 kampuni ilibadilisha siasa yake: ilitaka mfanyakazi abaki na mke na watoto. Ndiyo maana ilijenga kambi zenye nyumba, hospitali na shule, na ikatoa posho. Kolwezi, iliyoanzishwa mwaka 1937, ilikua kwa mtindo huo.

Kampuni ilipotaifishwa, Gécamines ilirithi kambi hizo pamoja na mzigo wake. Bomba likipasuka au bati likitoboka, mtu alipeleka habari kwa ofisi ya kambi, na fundi wa kampuni akaja. Hela ya kazi hiyo ilitoka katika shaba yenyewe. Watu walisema kampuni ni baba na mama. Lakini baba huyo alikuwa na amri pia: ukipoteza kazi, unapoteza na nyumba.

Katika miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka. Mwaka 1993 wafanyakazi wengi wenye asili ya Kasai walifukuzwa, na ujuzi wao ukaondoka nao. Kufikia mwaka 1994 shaba ilikuwa imeshuka hadi karibu tani 30,000. Mishahara ilikatika, na mafundi wa kambi hawakuonekana tena.

Mwaka 2003 na 2004, kwa pesa za Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliacha kazi kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari. Nyumba nyingi ziliishia mikononi mwa waliokaa ndani yake. Wengi walifurahi: mwishowe mtu ana nyumba yake.

Lakini kuta na paa ndizo zilizopata mwenyewe. Mifereji ya maji machafu, mabomba ya chini ya ardhi na barabara za kambi ni vya wote, na cha wote kisipotengewa hela kinakuwa cha hakuna mtu. Mwenye kipato anapaka rangi na kuchimba kisima. Mjane wa mfanyakazi wa zamani anaweka mawe juu ya bati ili upepo usilichukue.

Je, hela hakuna? Sheria ya migodi iliyorekebishwa mwaka 2018 inatoa asilimia 15 ya mrabaha wa madini kwa mamlaka za chini, zikiwemo komini, na asilimia 25 kwa jimbo. Tena kila kampuni inapaswa kutenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii.

Zamani shaba ya Kolwezi ilitengeneza mabomba ya Kolwezi. Leo shaba na kobalti vinatoka tena kwa wingi. Wakazi wa Dilala na Manika wana haki ya kuuliza, bajeti ya komini inaposomwa: mfereji wetu umeandikwa ukurasa gani?