Kisu cha kukunja: loki ipi ya kuaminika?

Najua dakika za kafe zinalipiwa, naenda moja kwa moja.

Kidole changu cha shahada hakikunjiki mpaka mwisho. Nilikuwa upande wa Kibondo natoboa dumu la plastiki kwa ncha ya kisu cha kukunja, nilichonunua gulioni kwa bei chee. Loki ikaachia, kisu kikajifunga vidole vikiwa ndani, mshipa wa kukunjia kidole ukakatika. Kilichoniponza ni kwamba kisu kilikuwa na loki, nikakiamini. Tangu siku hiyo nazisoma loki kama mtihani wa fomu foo.

Kwanza elewa hili: ukikata kawaida, nguvu inasukuma kisu kizidi kufunguka, loki haina kazi. Inaanza kazi ukichoma kwa ncha au ukigonga mgongo wa kisu. Hapo ndipo watu wanaumia.

1. Visivyo na loki. Mfano vile vidogo vyekundu vya Victorinox vya Uswisi. Vinabanwa na springi tu. Watu wanavidharau, ila havikudanganyi: unajua kabisa vitajifunga, unakuwa mwangalifu.

2. Okapi. Hiki kina historia na sisi. Kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya makoloni yao ya Afrika, na enzi hizo Kigoma ilikuwa chini ya Wajerumani. Jina ni la mnyama wa misitu ya Kongo, jirani zetu ng'ambo ya ziwa. Mwaka 1988 utengenezaji ulihamia Afrika Kusini. Shina la ubapa lina meno, ukifungua unasikia ka-ka-ka. Kufunga unavuta pete ya mgongoni. Springi iko nje, ikilegea unaiona. Chuma chake kinashika kutu, kifute kikilowa.

3. Opinel ya Ufaransa. Tangu 1955 ina bangili ya chuma shingoni. Ukiizungusha inaziba njia ya kujifungia. Hakuna springi ya kuchoka, ila ukisahau kuizungusha, huna loki.

4. Loki ya mgongoni. Buck 110 ya Marekani ndiyo iliyoivumisha miaka ya 1960. Kijino kinaingia kwenye mkato wa ubapa. Ni imara sana, lakini uchafu ukijaa kwenye mkato kijino hakizami chote.

5. Loki ya kibati. Mmarekani Michael Walker aliiboresha miaka ya 1980. Ukifungua kisu, kibati kilicho ndani ya mpini kinachepuka na kuegemea shina la ubapa. Ikitengenezwa vizuri haina shida. Tatizo ni zile za bei chee: kibati chembamba, kinagusa ukingoni tu. Ongeza vumbi letu jekundu la kiangazi, kinateleza. Hiki ndicho kilichonikata mimi.

Kabla hujatoa hela, pima hivi:

- Fungua, angalia kibati au kijino kimeingia vizuri au kimegusa tu.
- Tikisa ubapa. Ukicheza, rudisha.
- Shika mpini kwa ubavuni, vidole vyote viwe nje ya njia ya makali, halafu bonyeza mgongo wa kisu kwenye ubao. Ikiachia, achana nacho.

Na hata kikifaulu vyote, kesho kinaweza kufeli. Kisafishe kwa mswaki mzee, weka tone la mafuta ya cherehani. Kutoboa tumia kisu kisichokunjika, na dumu lina msumari wa moto. Mimi nilikuwa na msumari pale pale, uvivu tu wa kuwasha moto.

Loki ni msaidizi wako, siyo mlinzi. Fanya kazi kama vile haipo.

Wadau, nyie mnatumia kipi? Na kuna aliyewahi kuachiwa na Okapi? Tupeane uzoefu hapo chini.