Moto Juu, Moto Chini

Muulize kijana wa Nairobi kwa nini haoki keki nyumbani, atakujibu, "Sina oveni." Wanawake wa Mji wa Kale, Mombasa, nao hawakuwa nayo kwa vizazi na vizazi, lakini Idd ikifika mkate wa mayai na mkate wa sinia vilikuwepo.

Walikuwa wanapalia. Sufuria hupakwa mafuta, rojo likamiminwa, ikategwa juu ya makaa machache. Kisha hufunikwa kwa bati, na juu ya bati hurundikwa makaa yaliyokolea. Moto wa juu sharti uzidi wa chini. Ukikosea hesabu hiyo, chini kunaungua huku katikati bado ni uji. Hakuna cha nyuzi 180 wala saa ya kengele. Mpishi anasogeza kiganja karibu na bati, ananusa, anaondoa makaa mawili, anangoja. Wengine huita huo ujanja wa kukosa vifaa. Mimi naona ni ufundi kamili, ila waliokuwa nao hawakuulizwa na waandishi wa vitabu.

Angalia mkate wa sinia wenyewe. Mchele unalowekwa usiku kucha, unasagwa na tui la nazi, unatiwa hamira, sukari na iliki, halafu unaachwa uumuke. Hamira na sinia ni maneno yenye asili ya Kiarabu. Nangatai, vile vibiskuti vinavyomung'unyika mdomoni, vilitoka Bara Hindi. Mkate wa mofa nao una safari yake: ni wa unga wa mtama au mahindi, unabandikwa kwenye ukuta wa tanuri la udongo. Wasomali wana muufo yao, na huko Yemeni jina kama hilo ni la tanuri lenyewe. Ni wazi pwani hizi zilikuwa zinaazimana jiko.

Nafaka je? Ibn Battuta alipopita Mombasa mwaka 1331, aliandika kwamba watu wa kisiwa hawakulima nafaka, waliletewa kutoka nchi ya Waswahili. Karne kadhaa baadaye, Wamijikenda ndio waliokuwa wakiushibisha mji huo kwa mtama na mahindi yao. Kwa hivyo mofa moja ya jioni, pamoja na mchuzi wa samaki, ilikuwa ni biashara ya watu wawili waliohitajiana, hata siku walizokuwa wamekosana.

Ngano ilikuja kubadilisha mambo. Haipendi joto la Pwani, ila walowezi waliitaka. Lord Delamere aliipanda Njoro, ugonjwa wa kutu ukaila, akapanda tena. Mwaka 1908 kampuni ya Unga ikaanzishwa. Polepole mkate mweupe wa duka ukawa ndio "mkate" tu, bila jina la pili, na ule wa mtama ukaonekana chakula cha washamba. Leo ngano nyingi tunayokula inaagizwa kutoka nje, ndiyo maana vita vya Ukraine vya 2022 vilipandisha bei ya mkate wa chai yako hapo Umoja. Na kwenye supamaketi, kumbe, mkate wa nafaka nzima unauzwa ghali kuliko ule mweupe, ati ni wa watu wanaojali afya!

Huku bara, kupalia hakukuwa kwa Waswahili peke yao. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, sayansi kimu iliingia shule za msingi, na watoto wengi waliona keki yao ya kwanza ikitoka kwenye sufuria iliyofunikwa makaa, au sufuria ndogo ndani ya kubwa yenye mchanga. Waulize wazazi wako, watakueleza vile walivyogombania ukoko.

Shida sasa ni ploti. Landlodi hataki kuona mkaa kwenye balkoni, na moshi ukiingia kwa jirani, simu inapigwa. Wengi wamehamia gesi: moto mdogo kabisa, chuma kizito chini ya sufuria, kifuniko kilichobana. Mkate wa sinia unaiva hivyo vizuri na kutoboka vitundu vyake. Juu tu ndiko hubaki kweupe, kwa sababu hakuna makaa.