Koti la Baba na Pasi ya Dobi

Katika kabati langu limo koti moja la sufu ambalo silivai wala simgawii mtu. Kwenye bega la kushoto lina alama nyeusi yenye umbo la ncha ya pasi. Marehemu baba alilinunua katika duka la Mhindi mjini Iringa, katika miaka ya 1950, kwa ujira wa mashamba ya chai ya Mufindi, ambako ukungu wa asubuhi humfanya mtu aone thamani ya sufu. Alilivaa Jumapili na misibani tu. Alipofariki, wazee walinikabidhi mimi, kifungua mimba wake.

Mwaka 1984 nilikuwa mwalimu mjini Mbeya. Wale wa rika langu hawajausahau wakati huo. Vita ya Kagera ilikuwa imekwisha mwaka 1979, lakini maduka yalikuwa matupu, na watu walipanga foleni kwa ajili ya sabuni na kitambaa. Milango ya biashara ndiyo kwanza ilianza kulegezwa mwaka ule, na mitumba haikuwa imejaa masokoni kama ilivyo leo. Mtu mwenye koti la sufu alikuwa na mali. Kwa kuwa nilialikwa harusi ya mdogo wangu kule Iringa, nililipeleka kwa dobi mmoja aliyekuwa na mtambo wa drai klina. Sikutaka kulifua nyumbani, maana sufu ikikutana na maji ya moto hunywea na kukakamaa.

Nilipokwenda kulichukua, nilikuta bega limeungua. Nikamwuliza mwenye duka. Akanijibu kwa upole, "Mwalimu, hebu soma nyuma ya risiti yako." Nikaigeuza. Paliandikwa kwamba nguo hupokelewa kwa dhamana ya mwenyewe, na duka haliwajibiki kwa uharibifu wowote. Kisha akamwita kijana aliyepiga pasi. "Huyu ndiye aliyeliunguza. Usiwe na wasiwasi, mwezi huu nitamkata mshahara."

Yule kijana alinipa shikamoo, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Nisamehe, mwalimu. Pasi hii haipoi. Nilimwambia mzee tangu juzi." Mwenye duka akamkaripia anyamaze. Nami niliitikia marahaba, nikalikunja koti langu, nikaondoka. Na nikiri ukweli: moyoni niliridhika kwamba yupo atakayeadhibiwa.

Ilinichukua miaka mingi kuelewa jinsi nilivyokosea siku ile. Kijana alikatwa mshahara, lakini fedha hizo hazikuja kwangu. Zilibaki kwa yule yule aliyeambiwa kuwa pasi ni mbovu, akaiacha iendelee kutumika. Mimi nilipoteza koti, kijana alipoteza riziki yake, na mwenye duka hakupoteza kitu. Tena nilikuwa mwalimu, mtu aliyesimama mbele ya watoto kila wiki akiwaeleza habari za haki na usawa!

Baada ya kustaafu nilipata nafasi ya kusoma mambo ambayo zamani niliyaacha kwa mawakili. Nikagundua jambo la ajabu kidogo. Neno letu "dobi" lilitoka Bara Hindi, na sheria inayomhusu dobi nayo ilitoka huko huko. Waingereza walipoanza kuitawala Tanganyika, waliileta hapa Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872, nayo ikatumika tangu mwaka 1920. Mwaka 1961, mwaka ule ule wa Uhuru, Tanganyika ilitunga Sheria ya Mikataba yake yenyewe, lakini misingi mingi ikabaki ile ile. Sheria hiyo ingali ikitumika Tanzania Bara.

Ndani yake imo sehemu inayohusu mali iliyokabidhiwa kwa mtu ili aifanyie kazi kisha airudishe. Kwa lugha nyepesi yasema hivi: aliyekabidhiwa mali ya mwenzake hana budi kuitunza kama vile mtu wa kawaida mwenye busara angeitunza mali yake mwenyewe ya aina na thamani hiyo. Akiwa ameitunza hivyo na bado ikaharibika, kwa kawaida hatalaumiwa. Lakini je, mtu mwenye busara angelipiga koti lake mwenyewe kwa pasi anayojua kuwa haipoi? Kwa hiyo kipimo cha kesi yangu kilikuwepo tangu kabla sijaanza kufundisha. Tena mapatano yalikuwa kati yangu na mwenye duka. Yeye ndiye aliyepokea koti na fedha. Kijana hakuwa na mapatano yoyote nami.

Ni haki pia kusema kwamba sheria hiyo humbana mwenye nguo. Akijua kasoro ya mali yake inayoweza kuleta hatari, yampasa aiseme wakati wa kuikabidhi. Anayempelekea dobi kitambaa kinachochuja rangi, akanyamaza, asije akamlilia mwenzake baadaye.

Duniani nako mambo yalikuwa yakisogea. Tarehe 15 Machi 1962, Rais Kennedy wa Marekani alilitajia bunge la nchi yake haki nne za mlaji: kuwa salama, kupewa taarifa, kuchagua na kusikilizwa. Umoja wa Mataifa ulipitisha miongozo ya kumlinda mlaji mwezi Aprili 1985, miezi michache tu baada ya koti langu kuungua. Kwetu ilikuja sheria ya mwaka 1994, kisha Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, iliyounda Tume ya Ushindani na baraza la kitaifa la kumtetea mlaji. Na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimruhusu mwajiri kukata mshahara kwa hasira tu. Yampasa aeleze kwa maandishi sababu na kiasi, na ampe mfanyakazi nafasi ya kujitetea. Laiti yule kijana angekuwa na kinga hiyo!

Kwa hiyo nawausia vijana wangu. Unapopeleka nguo, ikagueni pamoja na dobi, na kasoro ziandikwe kwenye risiti. Tazama kibandiko kilichoshonwa ndani yake: alama ya duara ni ya usafishaji kwa dawa badala ya maji, na duara lililokatwa kwa msalaba maana yake usithubutu. Nguo ikiharibika, usiondoke kimya. Mweleze mwenye duka kwa adabu, kisha kwa maandishi, na utunze risiti. Asipokusikia, vipo vyombo vya kupelekea malalamiko. Na maneno ya nyuma ya risiti yasikufunge mdomo kabla hujauliza uzembe ulikuwa wa nani.

Zaidi ya yote, muulizeni aliyeshika pasi. Mimi sikumwuliza. Miaka michache baadaye nilipita tena mtaa ule nikiwa na nia ya kumtafuta. Duka lilikuwa la mtu mwingine, likiuza vipuri vya baiskeli, na hapakuwa na aliyejua kijana yule alikokwenda. Ndiyo maana koti sijaligawa. Wajukuu wakiniuliza habari za alama ile begani, huwasimulia habari za babu yao mkubwa na chai ya Mufindi, kisha huwasimulia habari za kijana aliyesema kweli mbele ya mwalimu, na mwalimu akaondoka.