Historia ya Istilahi za Picha za Mazingira: Mifano ya Shinyanga na Geita

Chombo kigeni kiingiapo nchini huja na maneno yake, na lugha inayokipokea haina budi kuchagua: iyakubali maneno hayo, iyageuze, au itoe yake. Wapo leo katika mikoa ya Shinyanga na Geita watu ambao wakati wa mapumziko hupiga picha za ndege, miti, majabali na ziwa kwa simu zao, wakazipanga katika kurasa pamoja na maneno machache, kisha wakawapelekea jamaa na marafiki. Makala haya yanakusudia kufuata historia ya maneno yanayotumika katika shughuli hiyo. Itaonekana kwamba Kiswahili kimekwisha kuifanya vyema nusu ya kwanza ya kazi, yaani kukitaja chombo. Nusu ya pili, yaani kukitaja kile kinachoonekana ndani ya picha, bado inatudai.

Sura, taswira na picha

Kabla ya kamera Kiswahili kilikuwa na maneno mawili ya asili ya Kiarabu yaliyoweza kufaa: sura na taswira. Yote mawili yana shina moja lenye maana ya kufanyiza umbo. Lakini neno sura lilikwisha kulemewa. Lilitaja uso wa mtu na umbo la kitu, na juu ya hayo lilikutana na neno jingine la Kiarabu, lenye herufi ya kwanza tofauti, ambalo ni sehemu ya kitabu. Kwa kuwa matamshi ya Kiswahili hayazitenganishi herufi hizo mbili, maneno mawili yakawa kama neno moja. Taswira nayo ilibaki zaidi katika lugha ya ushairi na uhakiki. Basi nafasi ya picha inayotolewa kwa mashine ilikuwa wazi, na neno la Kiingereza lililofupishwa likawa picha likaishika. Katika Kongo ya mashariki, ambako lugha ya utawala ilikuwa Kifaransa, wasemaji wa Kiswahili walichukua foto. Tofauti hii yatukumbusha kwamba mkopo hufuata njia ya mkopeshaji, wala si hukumu ya mantiki.

Njia ya picha ilianzia pwani. Katika robo ya mwisho ya karne ya 19 A. C. Gomes alikuwa na studio yake mjini Zanzibar, na wengine wakafuata. Bara ilichelewa. Reli ya kutoka Tabora kwenda Mwanza, inayopita Shinyanga, ilikamilika mwaka 1928, na bidhaa za kigeni zilizofika kwa reli hiyo zilifika pamoja na majina yake. Picha, kamera, filamu, studio na albamu ni mikopo iliyokwisha kuwa wenyeji, na haifai kuisumbua.

Hata hivyo isidhaniwe kwamba Usukuma ulingoja kamera ndipo ujue kukusanya picha za viumbe. Mwaka 1953 Hans Cory alitoa kitabu kilichochapishwa London kuhusu michoro ya kutani ya waganga wa nyoka. Katika nyumba za chama hicho kuta za ndani zilichorwa nyoka, wanyama na watu, nao wanachama waliisoma michoro hiyo kwa mafunzo yao. Hizo zilikuwa kurasa za picha za mazingira, zilizopangwa kwa makusudi na kuonyeshwa wenzi. Jambo la kuzingatia ni kwamba mchoro haukusimama peke yake: alikuwapo mwenye kuueleza.

Kitenzi kupiga

Kutaja tendo la kutumia kamera hakukuleta taabu. Kiswahili kina kitenzi piga ambacho hupokea majina ya kila namna: piga hodi, piga pasi, piga simu, piga chapa. Piga picha liliingia katika safu hiyo bila kelele, na kutokana nalo tukapata mpiga picha na upigaji picha.

Kwa picha za wanyamapori, lakini, kitenzi hiki kina jambo. Kupiga ni pia kupiga kwa bunduki. Historia yenyewe ya picha za wanyama katika nchi yetu ilianza kwa kuchanganya vitu hivyo viwili. Mwaka 1905 Mjerumani C. G. Schillings alitoa kitabu chake maarufu chenye picha za wanyama wa kaskazini ya nchi hii, nyingine zimepigwa usiku kwa unga unaolipuka kwa mwanga mkali. Jina la kitabu hicho liliutaja mwanga huo na bunduki kwa pamoja, maana mwandishi alivitumia vyote viwili. Mfasiri anayeandika "alimpiga simba" amemwua simba. Anayeandika "alimpiga picha simba" amemwacha hai. Katika kanuni za hifadhi, matangazo kwa wageni na ripoti za askari wa wanyamapori, neno picha lisidondoshwe kwa ajili ya ufupi.

Albamu, bandiko na maneno ya kompyuta

Mwaka 1900 kampuni ya Kodak ilianza kuuza kamera ya Brownie kwa dola moja ya Marekani, na upigaji picha ukawa burudani ya mtu wa kawaida katika nchi zilizoendelea kwa viwanda. Pamoja na albamu ilikuwapo desturi nyingine, ya daftari ambalo mwenyewe hugandisha humo picha, majani makavu, vipande vya magazeti na barua. Desturi hiyo ilikuwa na nguvu kiasi kwamba mwaka 1873 mwandishi Mark Twain alipata hataza ya daftari lenye kurasa zilizokwisha kupakwa gundi. Siku hizi kazi hiyo hufanywa katika kompyuta au simu, bila gundi wala mkasi, na ukurasa ukatumwa mbali kwa dakika moja.

Je, daftari hilo tuliite nani? Albamu halitoshi. Albamu hupanga picha tu, na tena kwetu limekwisha kuwa mkusanyiko wa nyimbo za mwanamuziki. Napendekeza daftari la mabandiko, na kila ukurasa wake uwe ukurasa wa mabandiko. Kubandika ni kugandisha kitu juu ya kitu, kama tangazo ukutani. Tena watumiaji wa mtandao wa Tanzania wamekwisha kulitumia neno bandiko kwa maandishi au picha anayoiweka mtu ili wengine waione. Hivyo neno moja linashika karatasi na kompyuta pia. Hali kadhalika maneno pakia na pakua yalitoka kwenye shehena ya chombo na chakula cha chunguni, yakaingia katika kompyuta, na mwanafunzi hayaonei ugeni. Upanuzi wa namna hii ni bora kuliko mkopo mahali unapowezekana.

Shughuli yenyewe nayo inahitaji jina. Vitabu vya shule vya Kenya hutumia uraibu kwa jambo alipendalo mtu wakati wa nafasi yake. Lakini katika maandishi ya afya ya Tanzania uraibu ni utumwa wa dawa za kulevya na mfano wake. Mfasiri anayewaandikia Watanzania afadhali aandike pumbao au shughuli ya mapumziko, asije akamfanya mpenda ndege aonekane mgonjwa.

Jina la kilichomo

Hapa tunafikia nusu ya pili. Picha huonyesha, lakini haitaji. Chukua kisiwa cha Rubondo katika Ziwa Viktoria, ambacho ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1977 na sasa kimo katika Mkoa wa Geita uliozaliwa mwaka 2012. Mtu akipiga picha ya sokwe katika msitu wa kisiwa hicho, mtazamaji ataona mnyama katika makao yake ya asili. Kumbe wazee wa sokwe hao waliletwa kutoka Ulaya kati ya mwaka 1966 na 1969, kwa juhudi za Bernhard Grzimek na chama cha hifadhi cha Frankfurt. Bila maneno chini yake, picha hiyo ya kweli inafundisha uongo. Na mnyama wa matetemo anayeonekana huko, akiandikwa "swala" tu, amepoteza jina lake la nzohe.

Ardhi ya Usukuma inatoa mfano mkubwa zaidi. Mgeni akipiga picha kutoka kwenye majabali hadi bondeni, aghalabu ataandika "uwanda". Mkulima Msukuma anaona luseni, udongo wa kichanga wa mteremko wa juu. Karibu na chini anaona itogolo. Na bondeni anaona mbuga, udongo mweusi unaonata masika na kupasuka kiangazi. Kwake kila jina ni shauri la kilimo, maana hueleza nini kipandwe na wapi. Neno mbuga tunalo katika Kiswahili Sanifu, ila tumelipunguza likawa uwanja wa nyasi au mahali pa wanyama, na elimu ya udongo iliyokuwa ndani yake haionekani tena.

Neno ngitili lilipata bahati njema zaidi. Ni eneo la malisho ambalo Wasukuma hulifunga mvua zianzapo, nyasi na miti ikakua, kisha likafunguliwa kwa mifugo wakati wa ukame mkali. Desturi hiyo ilidhoofika sana baada ya watu kuhamishiwa vijijini katika miaka ya 1970, na sehemu kubwa ya Shinyanga ikawa kavu na tupu. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kama HASHI, ulianza mwaka 1986, nao hatimaye ukajengwa juu ya desturi hiyo ya wenyeji. Mamia ya vijiji yakarudisha ngitili zao. Maofisa hawakuliita eneo hilo "hifadhi shirikishi ya malisho". Walilichukua neno kama lilivyo, na leo linasomwa hata katika maandishi ya kigeni. Kwa hiyo anayepiga picha mbili za mahali pamoja, ya kabla na ya baada, akaandika "ngitili" chini yake, amehifadhi mahali pamoja na akili iliyopaponya.

Ukanda wa dhahabu nao una maneno yake. Mgodi wa kwanza mkubwa wa Geita ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi 1966, na uchimbaji mkubwa ukaanza tena mwaka 2000. Wachimbaji wadogo huita shimo lao duara, na mabaki ya mchanga uliokwisha kuoshwa huyaita marudio. Vifusi vya mawe kutoka mgodi mkubwa, vyenye dhahabu kidogo, ni magwangala. Picha ya kilima cha mawe mahali hapo ikiandikwa "kilima", imemficha msomaji historia nzima ya riziki na ugomvi.

Hitimisho

Chombo huazimwa, jina la kitu cha nyumbani haliazimwi. Kamera na albamu ziendelee kuwa mikopo, bandika na pakia yaendelee kupanuka, lakini kilichomo ndani ya picha kiitwe kwa jina la wenyewe. Jambo hili lina haraka, kwa sababu wanaojua kutenga luseni na itogolo kwa kutazama tu ni wazee, na picha zinazopigwa na wajukuu wao ni nyingi kuliko wakati wowote uliopita.

Walimu wanaweza kuanza mara moja. Vishikwambi vilivyotumika katika sensa ya mwaka 2022 viligawiwa walimu baadaye. Mwanafunzi na apewe kazi ya kutengeneza ukurasa wa mabandiko wenye picha tano za kijiji chake, na chini ya kila picha aandike jina la Kiswahili, jina la lugha ya nyumbani, mahali, tarehe, na maelezo ya mzee aliyemwuliza. Watumishi wa serikali wanaotoa ripoti za misitu, mifugo na madini wafanye vivyo hivyo kwa picha zao. Nasi wa kazi ya istilahi tuzipokee kurasa hizo kama tunavyopokea orodha za maneno, tuzilinganishe, na kulisanifu kila neno linalobeba maana ambayo Kiswahili hakina.