Trollied na Papa Shirandula: Ucheshi uliozaliwa kazini

TROLLIED ni kipindi cha vichekesho cha Uingereza kilichopeperushwa na kituo cha Sky 1 kuanzia Agosti 2011 hadi mwaka wa 2018, kikikamilisha misimu saba. Masimulizi yake yamo ndani ya Valco, supamaketi ya kubuni ya bidhaa za bei nafuu, kaskazini-magharibi mwa Uingereza. Jina la kipindi lina mzaha wa maana mbili: limetokana na toroli la kubebea bidhaa, na katika Kiingereza cha mitaani humaanisha mtu aliyelewa chakari.

Hakuna mambo makubwa yanayotokea Valco. Mwigizaji Jane Horrocks ni Julie, kaimu naibu meneja ambaye cheo chake ni cha muda lakini anakilinda kama kiti cha enzi. Jason Watkins ni Gavin, meneja, naye Mark Addy ni Andy wa sehemu ya nyama. Kicheko chote kinatoka katika ngazi hiyo ya vyeo: nani anaamuru, nani anaamriwa, na nani anajidanganya kuwa yuko juu kuliko alipo. Wamarekani nao walikuwa na Superstore, iliyoonyeshwa na NBC kati ya 2015 na 2021 kwa mtindo uo huo.

Kenya haina uhaba wa supamaketi. Uchumi ilianzishwa mwaka wa 1975, nazo Tuskys na Naivas zilichipuka Rongai, kaunti ya Nakuru, kabla ya kuenea nchini. Hata hivyo, vichekesho mashuhuri vya Kiswahili vilijipatia makao kwingine. Vioja Mahakamani, cha kituo cha taifa, kilifanya kizimba cha mshtakiwa kuwa jukwaa. Katika Vitimbi, marehemu Benson Wanjau, aliyefariki Julai 2015, aliigiza Mzee Ojwang' kwa lafudhi ya Kijaluo ilhali yeye mwenyewe alikuwa Mkikuyu, huku Mary Khavere akiwa Mama Kayai.

Kilichokaribia zaidi Trollied ni Papa Shirandula, kilichoanza kuonyeshwa na Citizen TV mwaka wa 2007. Mhusika mkuu, aliyeigizwa na Charles Bukeko, ni bawabu. Tatizo ni kwamba mkewe, Wilbroda (Jacky Nyaminde), hajui. Kila asubuhi Papa hutoka nyumbani akiwa amevalia suti kama mkubwa wa ofisi, na afikapo kazini huivua akavaa sare ya ulinzi. Jioni mambo hugeuzwa.

Ni wazo jepesi, nalo lilibeba kipindi kwa zaidi ya mwongo mmoja. Julie wa Valco hujipandisha cheo mbele ya wafanyakazi wenzake. Papa hujipandisha mbele ya mke wake. Tofauti hiyo si ndogo. Mwingereza anachekwa kwa kuipenda kazi yake kupita kiasi, Mkenya anachekwa kwa kuionea haya. Watazamaji wengi walioangua kicheko walikuwa wakijua jirani, pengine hata baba, ambaye watu wa kwao mashambani hawajawahi kuambiwa hasa anafanya nini mjini.

Wenzake Papa nao walikuja kuwa majina ya nyumbani: Otoyo (Kazungu Matano, mtu wa Pwani aliyeimudu lafudhi ya Kijaluo), Njoro (Kenneth Gichoya), Awinja (Jacky Vike) na Jalang'o, ambaye jina lake halisi ni Felix Odiwuor na ambaye mwaka wa 2022 alichaguliwa mbunge wa Lang'ata. Bukeko alifariki Julai 2020 baada ya kuugua Covid-19, na kipindi hakikuendelea bila yeye.

Lafudhi hizo zina maana ya pekee katika eneo la majani chai la Kericho na Bomet. Katika wadi ya Merigi, eneo bunge la Bomet Mashariki, lugha ya nyumbani ni Kikipsigis. Lakini katika mashamba makubwa ya Kericho, ambako Wakipsigis, Wakisii, Wajaluo na Waluhya wamechuma majani bega kwa bega tangu enzi za ukoloni, lugha ya kazi ni Kiswahili, kila mmoja akikitamka kwa ulimi wa kwao. Kwa mtu aliyewahi kuishi katika kambi za wafanyakazi huko, mazungumzo ya Papa na Otoyo langoni hayakuwa mageni hata kidogo.

Kuna pia uzi unaounganisha mashamba hayo na supamaketi za Uingereza moja kwa moja. Kenya ni miongoni mwa nchi zinazowauzia Waingereza chai nyingi zaidi, na sehemu ya chai hiyo hutoka Kericho. Mteja anayetia pakiti ya chai katika toroli anashika kazi ya mikono ya mchumaji.

Ngazi ya vyeo mashambani, ambako mchumaji yuko chini ya nyapara, nayo si ya kuchekesha daima. Februari 2023, shirika la BBC lilitoa uchunguzi ambapo zaidi ya wanawake 70 walisimulia kudhulumiwa kingono na wasimamizi wao katika mashamba ya chai ya Kericho, wengine wakilazimika kukubali ili wapate au wasipoteze kibarua. Mmoja wa wanunuzi wa chai ya mashamba hayo waliotajwa katika taarifa hiyo ni Sainsbury's, ambayo ni supamaketi ya kweli wala si ya kubuni kama Valco.