Nani Alitupa Dakika? Kutoka Reli ya Usambara Hadi Setilaiti

Reli ya Wajerumani ilipofika Korogwe mwaka 1902, ilileta kitu ambacho hakikupakiwa behewani: dakika. Kabla ya hapo, kwa vijiji kama Kerenge chini ya Usambara, jua lilitosha. Kule pwani siku ilianza machweo. Ndiyo maana hadi leo ukisema usiku wa Ijumaa, wazee wanaelewa Alhamisi usiku. Mwenye saa aliirekebisha jua likizama, akaiweka kumi na mbili, basi. Lakini treni haingoji jua.

Baadaye ikaja redio na milio yake ya saa. BBC ilianza kuirusha Februari 1924. Siku hizi minara mingi ya simu huchukua wakati kutoka setilaiti za GPS, mali ya jeshi la Marekani. Ya kwanza ilirushwa 1978. Hadi mwaka 2000 wenyewe waliichafua makusudi ishara ya raia, wakaacha Mei 2, saa sita usiku ya Washington. Korogwe ilikuwa saa moja asubuhi.

Sasa kipokezi kinazisikiaje setilaiti zilizo kilomita 20,200 hivi juu yetu? Hapa ndipo utamu ulipo. Zote hupiga kelele kwenye masafa mamoja, na ishara ikifika chini ni dhaifu kuliko mngurumo wa kipokezi chenyewe. Ni kama kumsikia mwanao gulioni: unamsikia kwa sababu unaijua sauti yake. Kila setilaiti ina wimbo wake wa vipigo 1,023, unaorudiwa kila milisekunde. Kipokezi huupiga wimbo uleule ndani yake, kikiusogeza mbele na nyuma, kikipandisha na kushusha masafa kidogo (maana setilaiti iko mbioni), mpaka nyimbo mbili zilingane. Hapo kimenasa. Lakini kunasa si kushika: lazima kijisahihishe muda wote, la sivyo wimbo unaponyoka na kazi inaanza upya. Kwanza kinahitaji setilaiti 4 kujua kilipo na ni saa ngapi. Kikishajua kilipo, kama kimefungwa mnarani, hata 1 yaweza kutosha.

Kinachonifurahisha ni hiki. Huku kwetu karibu na ikweta, jua likishazama, tabaka la juu la anga lenye chembe za umeme huvurugika, hasa karibu na Machi na Septemba, na zaidi miaka ambayo jua lina madoa mengi. Yaani mzee keshaiweka saa yake kumi na mbili, kaswali, kala, ndipo mtambo wa kisasa unaanza kubabaika. Ishara zinatetema, setilaiti moja mbili zinaponyoka huku nyingine zikiendelea. Zikipotea zote, hubaki kipande cha kwatzi ndani ya kipokezi kikishika mdundo kilichofundishwa, kosa likijilimbikiza polepole. Kwa kawaida anga hutulia baada ya saa sita usiku.